Nywele Nilizokataa Kukata

Nywele zangu zilikuwa zimefika mabegani, na soko zima la Busia lilinisema. Mwanamke mzima, muuza mukene, wale dagaa wa ziwani, kichwa kama kichaka! Wote niliwajibu neno moja: nywele hizi zitakatwa na ukoo wa Oguttu, au nitazikwa nazo.

Kwetu Wasamia, mzee akishazikwa, watoto wake hunyolewa uani kwake. Hapo ndipo watu wanapojua nani ni mtoto wa nani. Baba yangu Oguttu alipozikwa kule Bulumbi, nilikaa mkekani na wenzangu, nikainamisha kichwa. Edwin, mwana wa mke mkubwa, akampokonya shangazi Damalie wembe.

"Huyu si damu yetu," alisema mbele ya waombolezaji. "Mama yake alikuja naye tumboni kutoka Tororo. Akanyolewe kwa Waiteso huko!"

Watu walicheka. Niliondoka na nywele zangu. Mama yangu, Atai, alikufa zamani, sikuwa na wa kunisemea. Hata shule nilinyimwa kwa maneno hayohayo: mtoto wa nani asomeshwe?

Kisha akaja Kate, binti ya shangazi Damalie, anayefanya kazi Nairobi. Alileta vichupa vya kutemea mate. Alitaka kuuchora ukoo wote kwa vipimo vya DNA, upande wa Kenya na upande wa Uganda, pamoja na wakwe. Edwin alitema wa kwanza.

"Mpe na yule mama wa mukene," alisema. "Tuone atakavyokaa peke yake kama mchawi."

Nilitema kwa nguvu kuliko wote.

Miezi ilipita. Siku majibu yalipotoka, Kate alituita sebuleni kwa mama yake, akafungua kompyuta. Kila mtu alikuwa kitone. Wenye damu moja waliunganishwa kwa mstari, na undugu ukiwa wa karibu mstari ulikuwa mnene. Ndugu walisongamana kama kuku waliomwagiwa mahindi.

"Huyu ni mama," Kate alisema, akigusa kitone cha shangazi. Hapo ulitoka mstari mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Niliufuata kwa kidole mpaka mwisho. Mwisho wake ulikuwa mimi. Mistari mingine ilitoka kwangu ikaenda Tororo, kwa jamaa za mama.

"Na mimi?" Edwin aliuliza.

Kate alionyesha pembeni. Edwin alikuwa kule, na wajomba zake. Hata uzi haukutoka kwake kwenda kwa shangazi, wala kuja kwangu.

Edwin aliruka juu. "Mashine takataka! Mtoto ni ng'ombe! Baba alimtolea mama yangu ng'ombe wa mahari. Tororo hakikwenda hata kifaranga!"

"Mkekani ulisema damu," nilimwambia. "Leo damu imekukataa, umekimbilia ng'ombe. Chagua kimoja, mzee."

"Kwa hiyo unanifukuza?"

"Mimi si wewe. Kaa na ng'ombe wako, uwe mtoto. Lakini wembe utafika kichwani kwangu."

Shangazi alikuwa akitazama sakafu. "Nilijua, mwanangu. Kaka alimpenda sana Atai. Niliogopa kelele za ukoo."

"Ogopa zangu sasa, shangazi."

Jumamosi iliyofuata shangazi alininyoa uani Bulumbi, mchana kweupe, majirani wakiangalia. Nywele zangu zikatupwa kwenye shina la mgomba, zilikotupwa za wenzangu. Edwin alikaa kizingitini. Baadaye wazee walinisukuma nimpe mkono, eti amani. Nilikataa. Alinitukana mbele ya umati. Aje kuniomba radhi mbele ya umati.

Jumatatu nilienda sokoni bila kitambaa, kipara kinang'aa juani.

"Maskini, dada, umefiwa na nani?" mwenzangu wa meza ya pili aliuliza.

"Na baba yangu," nilimjibu kwa sauti, soko lote lisikie. "Oguttu wa Bulumbi."