Udongo Usiokanyagwa na Mbwa

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa, na mpiga chapa hasomi. Watu hawaniamini nikiwaambia hivyo. Macho yanaona herufi, vidole vinazifuata, na akili iko nyumbani Hyattsville inajiuliza kama jiko limezimwa. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka sita katika ofisi moja ya Washington iliyoandaa makaratasi ya viwanja vyenye sumu. Serikali ilikuwa na orodha ya viwanja hivyo kwa nchi nzima: viwanda vilivyokufa, mashimo ya taka, mahali watu walipomwaga dawa zao wakaenda zao. Kiwanja kuingia kwenye orodha ilikuwa kazi. Kutoka ilikuwa kazi zaidi, maana kilikula karatasi za kujaza kabati zima, na nyingi zilipita mikononi mwangu.

Kimoja kilikuwa jirani na kwetu, nje kidogo ya Bladensburg, upande wa mtoni. Zamani walikuwa wakichovya nguzo za simu kwenye dawa ili zisiliwe na mchwa. Kila siku nilikipita nikiwa ndani ya basi: uzio wa waya, ubao mwekundu wa kuonya, magugu. Siku tangazo la kukitoa orodhani lilipochapishwa katika gazeti la serikali, mhandisi wetu alileta keki. Nilikula vipande viwili. Tangazo lile nililipiga chapa mara nne kwa sababu mwanasheria hakuridhika na koma zake, na sentensi moja nikawa naijua kwa moyo: hakuna hatua zaidi inayohitajika. Nilitoka ofisini siku hiyo nimejaa fahari, kama vile nimekisafisha mimi kwa ufagio.

Majira hayo ya baridi mama yangu alikuwa kwangu. Nilimbembeleza miaka mitatu aje kutoka Unguja, na alipokuja nikamnunulia buti za theluji. Buti zilimbana, naye hakusema, kwa sababu nilikuwa nimezisifu sana. Mama alikuwa na sukari. Lengelenge likawa kidonda, kidonda kikala kidole, na daktari akakikata kidole. Akamfunga bandeji mpaka juu ya kifundo na kutuonya kwamba mguu ule usiguswe na maji hata tone, mpaka yeye mwenyewe aseme.

Ghorofa ya chini yetu aliishi Mkenya mmoja wa bara, msaidizi wa wagonjwa, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Yeye ndiye aliyekuja kubadilisha bandeji. "Mum, hiyo mguu isiget maji kabisa," alimwambia mama. "Ukiiwet, tunaanza upya."

"Kasema nini?" mama akaniuliza. Kiswahili cha bara kilimshinda kuliko Kiingereza.

"Usitie maji."

"Na udhu?"

Hapo ndipo habari yote ilipoanzia. Mama hakuwahi kuacha sala tangu alipovunja ungo, na hakuwa na nia ya kuanzia Merilandi. Viungo vizima angevitawadha kwa maji. Kwa ajili ya ule mguu ilimbidi atayamamu, yaani apige viganja vyake juu ya udongo twahara wenye vumbi, apake uso, kisha mikono. Mara tano kwa siku. Jambo jepesi Unguja, ambako udongo uko chini ya dirisha.

Nikamletea udongo wa ubavuni mwa jengo letu. Mama alikuwa amekaa kwenye dirisha lile tangu akatwe kidole, na alikuwa amehesabu mbwa wote wa mtaa. "Huyu mweupe anakojoa pale," akanionyesha. "Yule mwenye koti, pale. Watu wanawavalisha mbwa makoti, mwanangu, halafu wanawakojoza mlangoni kwao." Nikaenda dukani nikanunua udongo wa maua kwenye mfuko wa nailoni. Akaunusa. Mbolea ya ng'ombe. Akaufunga vizuri mfuko, akaniambia nisijisumbue, atasali vivyo hivyo na Mungu ni mwenye kusamehe. Lakini nilimwona. Alisali kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi, na baada ya salamu alikaa juu ya mswala akiutazama ule mguu.

Ndipo nikakumbuka kiwanja changu. Miaka mingapi kilikuwa kimezungushiwa waya? Hakuna mbwa aliyekitia mguu. Na sasa serikali yenyewe imesema hakina neno, na mimi ndiye niliyeliandika.

Nilikwenda Jumamosi, mchana kweupe. Ubao mwekundu ulikuwa umeng'olewa na lango liko wazi. Ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi, kijiko changu cha kupakulia wali kikapinda. Kandokando ya uzio, chini ya kipande cha bati, mnyama fulani wa huku, mnene kama panya buku, alikuwa amefukua shimo na kurundika udongo wa chini juu. Ulikuwa mkavu, mweusi, laini kama unga. Nikashukuru Mungu, kwa kweli nikashukuru kwa sauti. Nikajaza kopo la maziwa ya unga.

Nyumbani niliukausha ndani ya oveni na kuupitisha kwenye chekecheo. Nyumba ikanuka gereji siku nzima.

"Una harufu ya lami," mama alisema.

"Ndiyo udongo wa huku, mama."

"Mbwa?"

"Hakuna mbwa aliyefika. Palifungwa kwa waya."

"Ni twahara?"

"Serikali imesema."

Akacheka, akapiga viganja vyake juu ya ule udongo, akavipuliza kidogo, akapaka uso wake akiwa amefumba macho. Vumbi likabaki kwenye nyusi. Sijawahi kumwona ameridhika vile katika nchi hii. "Mungu akupe mwanangu," akasema, "akupe usipopategemea."

Wiki ya tatu mashavu yake yalianza kuwasha. Kisha viganja. Vipele vidogo vyekundu, halafu ngozi ikawa inapasuka na kutoa maji. Mama alisema ni baridi. Mimi pia nilisema ni baridi. Nikampaka mafuta ya nazi, na baada ya mafuta, adhuhuri ikifika, yeye akapaka tena udongo.

Siku ya kukaguliwa mguu daktari alisahau mguu. Alikuwa kijana mpole, akaishika mikono ya mama akaigeuza kwenye mwanga. "Anashika kitu gani kipya?" akaniuliza. "Sabuni? Dawa? Mmea?"

Mama alikuwa juu ya kile kitanda kirefu, mguu mmoja na buti, mwingine na bandeji, kanga juu ya koti langu la zamani. Nikaanza kuitafuta sentensi. Kwa Kiingereza cha huku udongo na uchafu ni neno moja. Ningemwambiaje? Mama yangu huchukua uchafu akajipaka usoni mara tano kwa siku? Nilimwona muuguzi mlangoni anasubiri jibu, nikaona jinsi atakavyolichukua jibu hilo kwenda nalo chumba cha chai. Niseme ukweli nilioufunika miaka yote: nilimwonea haya mama yangu. Mimi, niliyekula keki ya watu.

"Sabuni," nikasema.

Akaandika aina nyingine ya sabuni.

Kwenye basi mama akaniuliza, "Umemwambia kuhusu udongo?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema hauna neno."

Jumatatu yake nilifungua lile kabati ofisini. Sikumwambia mtu. Nilivuta faili la kiwanja, nikakaa sakafuni nikasoma, mara ya kwanza katika miaka sita, kama mtu asomavyo barua. Kutoka orodhani hakukuwa na maana niliyoidhania. Ilimaanisha serikali imemaliza kufanya ilichoona kinafaa kufanywa. Udongo mbaya haukuondolewa wote. Mwingi uliachwa palepale na kufunikwa kwa udongo mwingine kutoka mbali, na kilichokuwa chini kiliorodheshwa kwa majina marefu ambayo vidole vyangu vilikuwa vikiyajua vizuri. Ukurasa mmoja ulisema tabaka la juu lisichimbwe wala kufukuliwa. Yule mnyama hakuusoma ukurasa huo. Wala mimi. Na chini yake, pembeni kushoto, kulikuwa na herufi mbili ndogo, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi kuonyesha nani amepiga chapa. Zilikuwa herufi za jina langu.

Nililirudisha faili kabatini, nikanawa uso chooni, nikarudi mezani. Mhandisi akaniuliza kama naumwa nikamwambia ni chakula.

Jioni ile nilipitia bustani moja ya Columbia Heights, nikajaza mfuko udongo ambao sikuuliza ni wa nani. Mama alipokuwa akiswali isha chumbani, nilibadilisha. Ule wa kwanza nikauficha kwenye kabati la nguo. Alfajiri nikasikia kopo likifunguliwa, kisha jina langu.

"Huu sio."

"Nimekubadilishia, mama. Ule umechakaa."

"Udongo unachakaa?" Alikuwa ameshika kopo mapajani. Mashavu yake yaliwiva. "Huu una mbolea, nausikia. Udongo wangu uko wapi?"

"Mama, huenda ule ndio unaokuwasha."

"Daktari si kasema hauna neno?"

Nilisimama pale mlangoni. Sentensi ilikuwa fupi: sikumwambia daktari. Maneno matatu tu ya kusema, sikumwambia kwa haya. Lakini nikimwambia hilo, atauliza haya ya nini, naye hakuwa mtu wa kudanganyika mara mbili. Angejua kwamba bintiye alimtazama pale kitandani akaona kinyaa. Vipele vitapona, niliwaza. Hilo halitapona. Jua lilikuwa karibu kutoka na wakati wa sala unakwisha.

Nikaenda kabatini nikamrudishia. Naam, nilimrudishia kwa mikono yangu hii, nikasimama nikamtazama akijipaka.

Wiki mbili na siku tatu baadaye daktari aliruhusu maji. Mama alilia bombani kwa furaha. Vipele vilikauka taratibu, vikaacha baka jeusi kwenye shavu la kulia, kubwa kama kokwa ya ukwaju. Jirani yetu Mkenya alilitazama siku moja akasema, "Hii spot siipendi. Ungemrudisha kwa doctor." Nikamwambia ni sabuni, tumeshabadilisha. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akaenda zake kazini.

Masika ya huku yalipoanza mama alirudi Unguja. Kwenye sanduku lake, katikati ya doti za kanga, nililikuta lile kopo limefungwa kwa kitambaa. Nikamwambia aliache, Unguja udongo umejaa tele. Akanipiga kofi dogo la mkono. "Huu ndio ulionihifadhia sala zangu," alisema. "Umenitafutia kwenye baridi, na kijiko chako kikapinda. Nitauachaje?"

Aliishi miaka miwili baada ya hapo. Walisema ni sukari, na pengine ni sukari kweli. Sukari peke yake ilitosha kuwa sababu. Sijui. Nimesoma faili lile mara nyingi mno, na hakuna ukurasa unaosema wiki tano za vumbi usoni humfanya nini mwanamke mwenye sukari. Kila nikipita Bladensburg kwa basi nilikuwa nafumba macho, na nikifumba naona nyusi zake zenye vumbi. Watu walishaanza kupiga mpira juu ya kile kiwanja. Siku za joto, dirisha la basi likiwa wazi, nilikuwa nikisikia harufu ya lami. Abiria wengine hawakuonekana kuisikia.

Nilisema nitamwambia nikienda likizo. Mwaka wa kwanza nauli haikutosha, mwaka wa pili nikasema nauli haitoshi.

Mdogo wangu ndiye aliyepiga simu, baada ya maziko. Laini ilikuwa inakwenda na kurudi, na kila neno langu nililisikia likinirudia. Alinieleza nani waliokuja, nani aliyeosha, jinsi mama alivyokuwa mwepesi. Kisha akasema kuna jambo moja, na anataka roho yangu itulie. Mama aliusia. Kwenye mwanandani, pale shavu la maiti linapolazwa juu ya udongo, alitaka alazwe juu ya ule wa kopo langu.

"La kulia," akasema. "Lile lenye baka. Tumemlaza juu yake, dada, kama alivyotaka."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Bibi aliyeosha alikuwa na wasiwasi," mdogo wangu akaendelea. "Aliunusa, akauliza ni udongo gani huu, una harufu. Akauliza kama ni twahara. Nikamwambia dada yangu anafanya kazi hiyohiyo ya udongo, serikalini, hawezi kumpa mama kitu asichokijua. Nilisema sawa, dada? Ulikuwa twahara?"

Nikasikia pumzi yangu ikinirudia kutoka Unguja.

"Twahara," nikasema.