Majivu Nje ya Uzio

Mama yangu aliponiuliza kwa simu kazi yangu hasa ni ipi, nilimwambia nafunga kilima cha majivu. Akataka kujua kwa nini nilisoma miaka yote ile mpaka Ulaya ili nije nifukie kitu ambacho yeye huhifadhia maharage. Nilimweleza kwamba majivu ya kuni na majivu ya makaa ya mawe si kitu kimoja. Makaa ya mawe huja na arseniki na metali nyingine kutoka ardhini, na yakishaungua vitu hivyo hubaki kwenye jivu. Mvua ikipita humo huvibeba hadi kwenye maji. Akasema, haya, basi fukieni vizuri.

Kilima chenyewe kilikuwa ng'ambo ya Jakobsberg, kaskazini-magharibi mwa Stockholm. Mtambo wa kupashia nyumba joto ulichoma makaa ya mawe kwa miaka mingi na kumwaga majivu hapo, hadi ulipohamia kwenye vipande vya miti. Sheria ya mazingira haikuruhusu kilima kiachwe hivyo hivyo. Kampuni niliyofanyia kazi ilipewa usimamizi wa ufungaji, nami nikawa mhandisi wa eneo. Mpango ulikuwa rahisi kuusema: kusawazisha miteremko, kutandaza udongo wa mfinyanzi, juu yake utando mzito wa plastiki, kisha kokoto za kupitishia maji, udongo mzuri na nyasi. Mvua isiyafikie majivu tena. Pembeni tulikuwa na visima vyembamba vya kupimia maji ya chini ya ardhi.

Majira ya joto yalipokuwa yanaelekea ukingoni, nilikuwa napita nje ya uzio kuelekea kisima kilicho karibu na kijito. Kando ya njia ya miguu niliona sehemu ambayo miti michanga ilikuwa imedumaa na nyasi zimekonda, wakati hatua chache mbele kila kitu kilikuwa kimestawi. Nilichukua keekee ya kuchimbia udongo nikaizamisha. Ilipotoka ilikuwa imeshika unga wa kijivu, laini kama wa mkate. Nilijua ni nini kabla sijaugusa. Zamani, kabla ya uzio kuwekwa, kuna mtu alikuwa akimwaga mzigo wake pale.

Kesho yake nilikwenda ofisini Sundbyberg kumwona meneja wangu. Hakuwa mtu mbaya, na alinisikiliza hadi mwisho. Lakini alisema kibali chetu kinaishia kwenye uzio, baridi iko njiani, na udongo wa mfinyanzi ukiganda hautandaziki. Alishauri tumalize kilima kwanza, hayo mengine tuyazungumze mwakani.

Nilikuwa nimeshaamua nikiwa kwenye treni. Nilimwambia, "Sheria haisemi anayekuta uchafu ndani ya uzio tu ndiye atoe taarifa. Inasema anayeukuta. Nampigia mkaguzi leo, na ningependa tumpigie pamoja."

Akavuta kiti, akaweka simu katikati ya meza.

Mkaguzi wa mazingira alikuja na mabuti yake ya mpira, mwanamke wa maneno machache. Tulichimba mashimo ya majaribio hadi tukajua majivu yameenea wapi. Yalikuwa yamepita chini ya njia ambako watu wa mtaa huchuma matunda ya porini na watoto huteleza kwenye theluji. Njia ikafungwa. Watu wakakasirika, na walikuwa na haki.

Tuliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Meneja alinipa nafasi niongee, na niliongea Kiswidi changu bila kusoma popote. Mzee mmoja alisema tangu utoto wake walimwagia viazi majivu na hakuna aliyekufa. Nilimjibu kama nilivyomjibu mama yangu. Wengine walitaka kilima chote kihamishwe. Niliwaeleza kwamba malori yangetimua vumbi hilo kupita madirisha yao, na mwisho wa safari lingekuwa kilima kile kile kando ya nyumba za watu wengine. Tulichopendekeza ni kuyachimba yaliyo nje, kuyaingiza ndani, na kufunika yote kwa pamoja.

Ndipo mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa mbele na koti lake mapajani, akauliza, "Wewe mwenyewe ungemruhusu mtoto wako acheze pale?"

"Leo, hapana," nilisema. "Tukishayaondoa na vipimo vya udongo vikawa safi, ndiyo. Kabla ya hapo, hata mkinisikia mimi nasema ni salama, msikubali."

Aliitikia kwa kichwa. Maswali yaliyofuata yakawa ya lini na vipi.

Mkaguzi alipotukubalia kuvuka uzio, tulianza kuchimba vuli. Aliyeendesha mashine ya kuchimbia alikuwa Mkongo wa Bukavu, ambaye kwao alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na ambaye aliniita dada tangu siku ya kwanza aliponisikia nikiongea kwenye simu. Kiswahili chake na changu havikulingana, lakini tulielewana vizuri kuliko na yeyote pale. Kabla ya kila kijiko cha mashine kuinuliwa tulilowanisha majivu kwa maji ili yasipeperuke. Matope yalikuwa mengi, na nyumbani binti yangu alinikataza, kwa Kiswidi, kukanyaga zulia.

Siku tuliyofika upande wa kijito, alizima mashine, akashuka akasimama ukingoni mwa shimo.

"Dada, hapa ndiyo mwisho wake," alisema. "Ona, udongo ni muzuri sasa."

Nilishuka shimoni nikautazama. Ulikuwa wa kahawia, wenye mizizi. Nilichukua sampuli kwa ajili ya maabara, maana macho hayatoshi, na majibu yalipokuja yalikubaliana naye.

Baridi ilituwahi, kama meneja alivyosema. Tulifunika kilima kwa turubai kipindi chote cha theluji, tukarudi majira ya kuchipua kutandaza udongo wa mfinyanzi. Meneja hakulalamika hata mara moja. Alikuja mwenyewe kusimama nami wakati mafundi walipokuwa wakiunganisha utando wa plastiki kwa joto, akauliza kuhusu kila mshono.

Njia ya miguu ilifunguliwa tulipokwisha panda nyasi. Siku ya mvua kubwa ya kwanza nilikwenda peke yangu, bila kutumwa, nikazunguka kilima chote. Maji yalikuwa yakiteremka juu ya udongo mpya, yakaingia mitaroni na kwenda zake.

Tunaendelea kupima. Katika visima vingi arseniki imeanza kushuka. Kimoja, kilicho karibu na kijito, bado hakijaonyesha nafuu, na hilo halinishangazi, kwa sababu maji ya ardhini hutembea polepole. Mwezi ujao nitakuwa pale na chupa zangu za sampuli.