Pacha wa Jora Moja

Nianze na ujinga wangu, ili wa kucheka acheke mapema. Mwaka huu, baada ya Idi, nilimchukua mke wangu na watoto wetu wawili, Nasra na mdogo wake, kutoka Kibiti mpaka Dar es Salaam, kwenye kiwanja kimoja cha michezo chenye mabwawa na mabomba ya kutelezea. Tiketi za pale hupanda kila mwaka, na siku za sikukuu hupanda zaidi, kwa hiyo mimi, baba mwenye akili zake, nikatangaza nyumbani kwamba wasiojua hesabu waende Idi mosi; sisi tungekwenda wiki ya pili yake, siku ya kazi, bei ikishashuka. Nilijisifu ndani ya basi mpaka mke wangu akajifanya amelala. Tulipofika, geti limefungwa. Mabwawa yalikuwa yanakaushwa yasafishwe, na mlinzi akatueleza kwa upole kabisa kwamba baada ya sikukuu huwa hivyo, kila mtu anajua. Kila mtu, isipokuwa yule aliyewavalisha watoto nguo za kuogelea tangu nyumbani. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta, tukala chipsi za bei ambayo sitaitaja, huku upande wa ndani jenereta ikinguruma kuvuta maji machafu. Upepo ukatuletea moshi wa dizeli. Watoto wakaziba pua. Mimi nikainamisha kichwa, na mke wangu akadhani ni kwa sababu ya geti. Aibu ya geti ilikuwa changa bado. Iliyonipanda pale ukutani ilikuwa na umri wa kuoa na kuolewa.

Kwangu mimi moshi wa dizeli ni harufu ya Idi ya Bungu. Kwetu ni Kiongoroni, ndani kabisa ya delta, mahali ambapo utoto wangu ulinuka tope la mikokoni na samaki wa kukaushwa, na ambapo Idi ilikuwa swala, pilau, na kupita nyumba kwa nyumba kuamkia ili tupewe chochote. Nilipokuwa darasa la tatu mama aliamua niende kula Idi kwa dada yake, Mama mkubwa Tausi, aliyeolewa Bungu. Nilipandishwa boti mpaka Nyamisati, na kutoka hapo nikapakiwa nyuma ya lori la magunia ya mkaa, nikafika nimebadilika rangi. Mama mkubwa aliniogesha mara mbili, akasema kwa majirani kwamba dada yake kamletea mtoto au kamletea gunia, bado anachunguza. Bungu niliiona kama mji mkuu wa dunia. Magari ya kusini yalisimama barabarani usiku na mchana, akina mama wakayakimbilia na sahani za korosho za kukaanga na mihogo ya kuchemsha, na vumbi jekundu lilikaa juu ya kila kitu, hata juu ya maziwa.

Mama mkubwa Tausi alikuwa mtu wa kubana. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe ikawa mbili. Sabuni ikibaki kipande chembamba kama ganda la kitunguu, aliibandika juu ya mche mpya. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Abdalla, wa rika langu, na watu waliosema eti tunafanana walikuwa wanamtania mmoja wetu. Abdalla alikuwa mrefu, mkimya, mwenye shingo ya twiga. Mimi kichwa kilinitangulia kufika popote. Lakini kwa desturi ya Idi, watoto wa ukoo mmoja hukatiwa nguo kutoka jora moja, na Mama mkubwa alikuwa amenunua kitambaa cha rangi ya maji ya bahari, cha kutosha kanzu mbili, kwa bei ya jumla. Siku moja kabla ya mwezi kuandama alitunyoa vipara kwa wembe uleule wa njiti, akatupaka mafuta ya nazi. Tukang'aa kama vikombe.

Siku hiyo hiyo lori la bembea likafika. Lilikuja kila Idi na mtu mmoja na mkewe, wakasimamisha kwenye uwanja wa mpira gurudumu la chuma lililolala, lenye farasi, magari na ndege moja yenye bawa lililovunjika. Jenereta ikiwashwa gurudumu linazunguka, na mtoto aliyepanda ndege anaiona Bungu yote, paa kwa paa. Idi iliyopita, Abdalla aliniambia, sarafu yake moja ilimzungusha mara mbili. Mwaka ule sarafu hiyohiyo haikutosha hata mara moja. Mafuta yamepanda, walisema wenye bembea, kama wanavyosema wenye kila kitu mpaka leo. Mama mkubwa akatangaza kwamba sisi tutaangalia kwa macho, macho hayalipiwi. Nilipokea habari ile kama ya msiba. Nilikuwa nimevuka maji na kubebwa na mkaa kwa ajili ya ndege ile, na huko Kiongoroni nilishawaahidi wenzangu kwamba nitawasimulia.

Ndipo Mama mkubwa aliporudi kutoka kisimani asubuhi ya Idi mosi na habari. Mke wa mwenye bembea, yule anayekaa na kopo la tiketi, ameweka nadhiri: mwaka huu mapacha wote hawalipi. Nadhiri ya nini, hakuuliza. Mtu akigawa bure Mama mkubwa hakuwa na kawaida ya kumchosha kwa maswali. Alitutazama mlangoni, kanzu mbili za jora moja na vipara viwili vinavyong'aa, na nikaona wazo likimwingia kama maji yanavyoingia mtumbwini, polepole halafu yote. Akasema mimi ni Kurwa na Abdalla ni Doto, na tusiseme sana.

Pale uwanjani mama wa tiketi alipotuona alisimama kabisa kwenye kigoda. Alikuwa mwanamke mwembamba, kanga yake imefifia, sauti imekauka kwa kupokea watu. Alitushika vichwa vyote viwili, akanong'ona dua, akauliza nani alitangulia kutoka. Mimi nikasema mimi. Abdalla naye, aliyekuwa Doto, akasema mimi. Mama mkubwa hakutikisika hata ukope. Akasema hivyo ndivyo walivyo, hata tumboni walikuwa wanagombania mlango. Watu wakacheka, mama wa tiketi akacheka mpaka akafuta macho, na tukapandishwa kwenye ndege mbele ya watoto waliopanga foleni na sarafu zao mkononi. Tulizunguka mpaka tukashiba. Sijawahi kuwa mkubwa kama nilivyokuwa mkubwa siku ile.

Tuliposhuka, Mama mkubwa akiwa amesogea kuwasalimu wenziwe, yule mama alituita chini ya kivuli cha lori. Kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mtoto wa kike mdogo, macho makubwa, miguu myembamba kama vijiti vya mshikaki. Alituambia kwamba walizaliwa wawili. Mwenzake ametangulia wakati wa baridi. Huyu naye ameanza vilevile, hali chakula, anachemka jioni. Ndiyo akaweka nadhiri, kwamba pacha yeyote atakayefika kwenye bembea yake atapanda bure na atamwombea mtoto wake, labda Mungu atamwachia huyu mmoja. Akatushikisha mkono wa yule mtoto. Ulikuwa wa moto na mkavu, na vidole vikajikunja kwenye kidole changu vikakishika. Mama akaomba, sisi tukaitikia amina. Abdalla aliitikia kwa sauti ndogo sana. Mimi niliitikia kwa nguvu, nikidhani sauti itaziba pengo.

Nyumbani nilimweleza Mama mkubwa. Alikuwa anaosha mchele. Mikono ikasimama ndani ya maji. Kisha akaendelea, pilau likaiva na kuliwa. Lakini asubuhi ya Idi pili alifungua pindo la kanga, yeye aliyepasua njiti, akatuwekea kila mmoja hela ya tiketi yake kiganjani, akatufumba vidole.

"Leo mlipe kama watoto wa watu. Nadhiri ya mtu hailiwi mara mbili."

Hapa ndipo ningependa kusimulia kwa haraka, lakini nimeshaanza. Njiani palikuwa na muuza barafu za rangi, zile nyekundu za kwenye mfuko. Nilipiga hesabu. Akili yangu ya hesabu, hii iliyonifikisha kwenye geti lililofungwa, ilianza kazi mapema. Tukilipa tutapanda mara moja, basi. Tukiwa mapacha, tutapanda mpaka tuchoke na barafu tutakula. Abdalla akasema mama yake kasema tulipe. Nikamwambia mama yake hayupo. Akasimama na shingo yake ndefu, anatazama chini, na mimi nikachukua hela kwenye kiganja chake, hakunizuia, nikanunua barafu zote ambazo hela ile iliweza kununua. Baada ya hapo hakuwa na njia ila kuwa Doto.

Mama wa tiketi hakucheka siku ile. Mtoto alikuwa amezidiwa tangu usiku, na chini ya lori kulikuwa na uvumba unafuka na maalimu mmoja mzee ameketi kwenye mkeka. Mama yule alipotuona alitukimbilia, akamwambia maalimu kwamba mapacha wake wamerudi, Mungu kawaleta. Tukakalishwa, tukapewa tena mkono ule wa moto, huku na huku. Maalimu alitaka kutuingiza kwenye dua, na mtu wa pwani yetu hajui kuombewa kwa jina la baba. Baba unaambiwa, mama ndiye mwenye uhakika. Akatuuliza jina na jina la mama. Nilikuwa na uongo wa kila aina siku ile, lakini kwa swali hilo sikuwa nao. Chuoni tulifundishwa kwamba siku ya kufufuliwa tutaitwa kwa mama zetu, na mdomo wangu ukajibu wenyewe kwamba mimi ni Hamisi mwana wa Mwajuma. Abdalla akasema yeye ni Abdalla mwana wa Tausi.

Maalimu akauliza taratibu kama Mwajuma na Tausi ni mtu mmoja. Jenereta ilikuwa inanguruma, watoto wanapiga kelele za raha. Abdalla, midomo myekundu kwa barafu, akajibu kwamba ni ndugu.

Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa shukrani. Yule mama alitutazama, mmoja, kisha mwingine, akauondoa mkono wa mtoto kwenye mikono yetu kidole kimoja kimoja, kama mtu anayechambua dagaa. Kisha akafungua pindo la kanga yake mwenyewe, akatoa hela, akaitia kwenye kopo la mumewe, akakata tiketi mbili.

"Hizi nimelipa mimi," alisema. "Kapandeni."

Tukapanda. Ningekuwa mtoto wa maana ningekimbia, lakini nilipanda, kwa kuogopa kukataa. Nilipewa ndege. Kila ilipozunguka nilimwona ameinama juu ya mkeka, halafu paa za Bungu, halafu barabara, halafu yeye ameinama tena. Nilimwomba Mungu lile gurudumu lisimame, na katika dua zangu zote za siku zile hiyo ndiyo niliyoiomba kwa moyo.

Idi tatu asubuhi uwanja ulikuwa mtupu, mafuta meusi yamemwagika kwenye majani. Wengine walisema wamekwenda Ikwiriri, wengine walisema wamemkimbiza mtoto hospitali. Idi iliyofuata ilikuja bembea nyingine, ya watu wengine. Sikuuliza. Nimekaa Kibiti miaka mingi, saa moja tu kutoka Bungu, na wazee wa kujua bado wapo, na sijawahi kuuliza. Watu husema mimi ni mtu wa ndani, napenda kibaraza changu na redio yangu. Nawaacha waseme. Abdalla hakuwahi kunikumbusha. Tukikutana kwenye misiba tunaulizana hali ya watoto, na hata sasa yeye ndiye anayetazama chini.

Siku hizi tiketi inanunuliwa kwa simu. Mtoto anapimwa kwa mstari uliochorwa ukutani, na ukimwambia ajikunje kidogo apite bure, unayemwibia ni kampuni. Mkurugenzi hana mkeka chini ya lori. Bei zinapanda, nasi tunazikwepa kwa mbinu zetu, tunasimuliana mbinu hizo tukicheka. Mimi mwenyewe nacheka. Zamani ile bei ilikuwa ndogo, lakini aliyeipokea alikuwa na uso, na ukiikwepa ulimkwepa yeye.

Hayo nilimweleza jirani yangu, Mama Rehema, jioni ya kurudi kutoka Dar. Alikuja kunitania kuhusu geti, akakaa kibarazani na ungo wake wa mchele kuchagua mawe. Nikamsimulia yote, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nikimaliza kwa kusema, kama tunavyosema sote, kwamba ulikuwa utoto. Nilitegemea aitikie. Akapepeta, akapuliza makapi, wala hakuinua macho.

"Siku ya kwanza ulitumwa, baba Nasra. Siku ya pili ulitumwa na nani?"