Risasi ya Mfano ya Onni Pelkola

Msimu ule bastola ya Onni Pelkola ilikwama mara kumi na moja kabla hata Krismasi haijafika, na kila ilipokwama hakukosekana wa kulaumiwa. Ya kwanza kutiwa hatiani ilikuwa springi ya magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Onni akaitoa, akatia mpya, bastola ikakwama. Yakafuata mafuta, ati yanaganda kwa baridi. Hilo watu walilikubali kidogo, maana baridi ya mji wao, Tamarack, mwaka ule haikuwa ya mzaha: ng'ombe wa Sulo Harju walikamuliwa aiskrimu mpaka mwezi wa nne, na ziwa liliganda kwa haraka hata bata wakabaki wamesimama wakiulizana nani kafunga mlango. Onni akafuta mafuta yote, akapaka mengine mepesi. Ikakwama. Akageukia kile kitelemko kidogo ndani ya bastola, pale risasi inapopandia ikitoka kwenye magazini kuingia kwenye mtutu. Akakisugua siku tatu, mpaka mkewe Lempi akasema sasa angeweza kujitazama humo akachana nywele. Haikusaidia kitu. Risasi ilitoka magazini, ikainamisha pua kama mbuzi aliyekataa kuvuka mto, ikagota kwenye kitelemko, na bastola ikabaki mdomo wazi.

Kilichosalia bila kushukiwa ni risasi zenyewe. Hizo alizitengeneza Onni kwa mkono wake, na mkono wa Onni haukosei.

Kwenye klabu ya shabaha ya Tamarack kila mtu hutengeneza zake. Wakishapiga, wanainama kuokota maganda sakafuni, wanayatia kwenye makopo ya kahawa, wanakwenda nayo nyumbani, chumba cha chini, penye mashine ya mkono. Huko ganda linanyooshwa, linatiwa fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya, na mashine inakisukuma kichwa ndani mpaka pale inapoishia. Onni, aliyeendesha gari la kusukuma theluji la wilaya kwa miaka thelathini, ndiye aliyewafundisha nusu ya wanachama kazi hiyo. Miaka ishirini na sita hakuwa amenunua risasi ya dukani hata moja. Kwake yeye kuonekana na sanduku la dukani kungekuwa sawa na mwokaji kukutwa njiani na mkate wa mwenzake kwapani.

Na fahari yake yote ilikaa katika mfuko wa kushoto wa suruali. Humo alitembea na risasi ya mfano: ganda tupu lisilo na fataki wala baruti, limetiwa kichwa tu, kwa urefu ule ambao bastola yake iliupenda. Kila mwaka, msimu wa kuwinda kulungu ukiisha, Onni alisafisha mashine, kisha akaipachika ile risasi ya mfano ndani na kuifunga mashine kwa kuifuata hiyo, ili kila risasi mpya itoke na urefu uleule. Vipimo vya chuma vyenye namba alikuwa navyo, ila alivitumia kukuna mgongo. Namba, alisema, ni za watu wasiokuwa na kumbukumbu.

Risasi hiyo ilikuwa na hadithi. Mwaka alioitengeneza, Onni alipiga risasi tisini bila kukwama hata moja, akamshinda askari polisi kutoka mji mkubwa. Ndivyo ilivyokuwa mwanzo. Baada ya miaka mitano askari wakawa wawili, na mmoja wao ana nishani. Kufika mwaka wa ishirini alikuwa jenerali mzima, na bendi. Onni hakuweza kuisimulia bila kuitoa risasi mfukoni na kuigonga mezani, pua chini, kila alipofika penye utamu: jenerali akainua bastola, tok, akapepesa macho, tok tok, mimi nikatulia, tok. Kiangazi kilichotangulia msimu huu wa kukwama, kulikuwa na harusi ya mpwa wao ya siku tatu, na watu wa upande wa bwana harusi hawakuwahi kuisikia hadithi. Lempi alihesabu mara arubaini, kisha akaacha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sasa klabu ina sheria yake. Bastola ikikwama katikati ya kupiga, mpigaji huinua mkono mtupu na kusema "udhuru," naye hupewa nafasi ya kurudia. Udhuru ni mmoja tu kwa siku. Wa pili ni hasara yako na ya timu yako. Onni alikuwa ameinua mkono mara nyingi sana msimu ule hata ikawa akipunga barabarani kusalimia, watoto wanamwitikia "udhuru!"

Februari ilipokwisha, nahodha wao, Darlene Beauchamp, dereva wa basi la shule, alimngoja Onni mlangoni mwa klabu. Alifundishwa naye kutengeneza risasi miaka kumi na minne iliyopita, na hakuacha kumwita mwalimu.

"Mwalimu," alisema, "Jumamosi ijayo ni mechi na Iron Bay, na ndiyo ya mwisho. Njoo na sanduku la dukani, au mahali pako apige Sulo."

Onni akauliza kama anamtania. Darlene akasema angependa sana iwe utani.

Sulo Harju, mwenye ng'ombe wa aiskrimu, ni kaka yake Lempi. Alikuwa mchezaji wa akiba kwa miaka tisa, na hajawahi kuona mtu akiugua mafua katika timu bila kumpelekea pole mapema. Jumatatu alifika kunywa kahawa, akakaa, akachovya biskuti kavu ya mdalasini kikombeni, akamtazama shemeji yake kwa huruma isiyo na huruma ndani yake.

"Shemeji, napita dukani kesho. Nikuchukulie sanduku la rangi gani?"

Onni alikuwa mezani na kazi yake. Alikuwa ameifungua bastola, ameutoa mtutu, ameusimamisha mezani mdomo chini, na kando yake risasi kumi alizotengeneza wiki ile. Akazidondosha moja moja ndani ya mtutu. Tuk. Akaitoa, akatia nyingine. Tuk. Akawaeleza kwamba hicho ndicho kipimo cha wazee: risasi iliyozidi urefu au unene haifiki chini, inasimama njiani na haitoi mlio. Zake zote kumi zilishuka zikalia kama sarafu kisimani. Kwa hiyo risasi ni nzima, na kilichobaki ni kulaumu magazini yenyewe.

"Au mkono," alisema Sulo. "Mkono ukilegea bastola haipati nguvu ya kujirudisha. Umri, shemeji. Hata mimi ng'ombe wangu wa zamani..."

Lempi alikuwa akimimina kahawa. Mambo ya bastola hakuyataka na hakuwahi kuyauliza. Lakini amelea watoto watano katika nyumba yenye milango mifupi.

"Mlango unamkamata mrefu," alisema. "Mfupi unamkamataje?"

Onni akasema huo ni mfano wa jikoni. Risasi zake haziwezi kuwa fupi, kwa sababu zimepimwa kwa hii hapa, na hii hapa, tok, ndiyo ile ile, tok, iliyomshinda jenerali...

Lempi akaweka birika chini. Akashika kitambaa cha meza, akakivuta upande wa mumewe. Meza ilikuwa ya msonobari, zawadi ya baba yake, na hapo palipokuwa pakifikiwa na mkono wa kulia wa Onni palikuwa na shimo. Si mkwaruzo. Ni shimo la duara ambalo yai lingekaa bila kushikwa.

"Hicho kilichonichimbia meza miaka ishirini na sita," Lempi alisema, "chenyewe kimebaki vilevile?"

Sulo aliacha kutafuna. Onni aliitazama risasi ya mfano kama mtu anayemtazama mwanawe akirudi kutoka jeshini. Ncha ya kichwa, iliyokuwa imechongoka mwaka ule wa askari polisi, ilikuwa imebonyea. Madini ya risasi ni laini, yeye mwenyewe huwafundisha watu hivyo. Na pale kichwa kinapoingia kwenye ganda, palikuwa na alama ya zamani ikionyesha kilikosimama zamani, na sasa kimezama ndani ya hapo. Kila hadithi ilikigonga kidogo. Harusi ilimalizia kazi. Kisha msimu wa kulungu ukaisha, naye akaifunga mashine kwa kuifuata, na mashine ikamtii.

"Kwa hiyo jenerali alivyokuwa akipanda cheo," alisema Sulo polepole, akionja kila neno, "risasi ilikuwa ikishuka."

Onni akavaa koti.

Ilikuwapo dawa moja tu, naye alijua iko wapi. Miaka kumi na minne nyuma, alipomfundisha Darlene, alimtengenezea nakala ya ile risasi ya mfano, kabla haijasimuliwa sana. Ila kwenda kuiomba kulimaanisha kumwambia nahodha, tena mwanafunzi wake, sababu. Duka lilikuwa njiani. Akaliegesha gari mbele yake, akaacha injini inanguruma. Mwenye duka akamwona kupitia kioo, akapunga. Onni akainua mkono kujibu, akakumbuka mkono huo siku hizi unasomwaje, akaushusha. Akaondoka.

Darlene alikuwa akikata rutabaga, mizizi minene kama viazi, za kutia kwenye mikate ya nyama. Onni akasimama mlangoni theluji ikimdondoka viatuni.

"Nimekuja kuazima ile risasi niliyokupa."

"Ya kwako ina nini?"

"Imefupika."

"Chuma kinafupika, mwalimu? Imefupishwa na nini?"

Njiani alikuwa ameandaa majibu matatu, yote mazuri. Mojawapo lilisingizia unyevunyevu.

"Na mdomo wangu," alisema.

Darlene akageukia jiko. Mabega yake yalitikisika kwa muda ambao rutabaga hazihitaji. Kisha akafungua bati la vifungo vya nguo, akachakura, akaitoa nakala, safi kama siku ilipozaliwa, kwa sababu Darlene hana hadithi yoyote juu yake. Wakazisimamisha zote mbili dirishani. Ya mfukoni ilikuwa fupi kwa unene wa ukucha wa dole gumba. Unaweza kudhani ni kitu kidogo. Kwa bastola ni sawa na ngazi iliyokosa kipandio kimoja: risasi haifiki juu, inagota.

Darlene hakucheka tena alipomshika mkono kumpa nakala. Alimkumbusha kwa maneno yale yale aliyofundishwa naye, kwamba risasi fupi si kaidi tu. Baruti ikibanwa mahali padogo hupandwa na hasira kuliko ilivyoagizwa, na bastola inaweza kumpasukia mtu mkononi. Zile zote zivunjwe. Na safari hii apime na kwa namba.

Zilikuwa mia sita na arubaini. Kuvunja risasi ni kuitia ndani ya nyundo ya plastiki yenye tundu, kugonga sakafu, kichwa kinatoka, baruti inamwagwa pembeni, unatia risasi nyingine. Onni aligonga Jumanne yote na Jumatano yote. Sulo alikuja kumsaidia, yaani alikuja akakaa kwenye kiti na kuhesabu kwa sauti, na kila ya kumi alisema "jenerali mwingine kaanguka." Alhamisi Onni akaipachika nakala kwenye mashine. Akatwaa kipimo cha chuma alichokuwa akikunia mgongo, akakisafisha, akapima, akaandika namba kwenye mbao ya ukuta kwa penseli ya Lempi. Akatengeneza mia moja tu, akazidondosha mtutuni, kisha akazipima tena urefu, moja baada ya moja, kama mtu anayechambua mchele wa wageni.

Jumamosi, chini ya ukumbi wa Iron Bay, Sulo alikaa nyuma yake na bastola yake mwenyewe magotini, imeshafutwa vumbi. Risasi tano za zamu ya sekunde ishirini zikaenda. Tano nyingine. Kisha ile zamu ya sekunde kumi, ambayo ndiyo hula watu. Onni akavuta pumzi. Pa, pa, pa, pa, pa. Maganda yakaruka yote matano, yakatua sakafuni yakicheka. Sulo akairudisha bastola yake kwenye sanduku taratibu.

Kuna jambo ambalo Onni hakulitarajia. Katika zamu ya mwisho risasi moja ilimponyoka ikaenda kwenye duara la sita, mbali na kitovu, na mkono wake mtupu ukajiinua wenyewe kwa mazoea. Ukumbi mzima ukamtazama. Bastola ilikuwa nzima, magazini nzima, risasi nzima. Alikosa yeye.

"Udhuru gani, mwalimu?" Darlene aliuliza bila kugeuka.

Onni akautumia mkono kujikuna sikio.

Tamarack walishinda kwa pointi mbili. Kwa hesabu ya Onni pointi hizo zilikuwa zake. Kwa hesabu ya Darlene zilikuwa za watu wanne. Nakala ilirudi kwenye bati la vifungo siku hiyohiyo, na masharti: huazimwa mara moja kwa mwaka, msimu wa kulungu ukiisha, na hurudishwa kabla ya kahawa. Ile ya zamani ameichukua Lempi. Ipo dirishani jikoni, anazuia nayo pazia.

Wageni wakija bado wanaomba hadithi, na Onni hana nguvu za kumnyima mgeni. Mkono unakwenda mfukoni, unakuta patupu, unarudi mezani. Hapo Lempi humsogezea biskuti kavu ya mdalasini. Onni huigonga: askari akainua bastola, tok, akapepesa macho, tok tok. Biskuti ile haivumilii. Ikifika tok ya sita imekuwa unga, naye hulazimika kushinda upesi kabla haijamwishia mkononi. Kwa hiyo jenerali amerudi kuwa askari polisi, mmoja tu, hana nishani, na bendi imekwenda zake nyumbani.