Somo la Moshi Pale Ntobeye

Miaka ile ya wakimbizi, Ngara ilijaa magari meupe kuliko ng'ombe. Sisi tuliozaliwa huku tulikuwa tumezoea miguu. Baba alikwenda misani kwa miguu, mama alikwenda sokoni kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani, na hakuna aliyeona kwamba hiyo ni habari. Kisha yakaja mashirika, na ghafla mtu mzima mwenye afya hakuweza kutoka Nyamiaga hadi mjini bila kubebwa.

Mimi nilikuwa mkalimani wa shirika mojawapo, kitengo cha mazingira. Nilijua Kihangaza cha nyumbani, Kirundi hakikunisumbua, na Kiswahili nilikipata shuleni. Mkuu wetu alikuwa mtaalamu kutoka mbali, mrefu, mwenye kofia pana, na Kiswahili chake alijifunza kozini, kikanyooka kama rula. Alikaa Nyamiaga. Ofisi ilikuwa mjini, mwendo ambao bibi yangu aliumaliza kabla chai haijapoa. Kila asubuhi dereva alimfuata, akangoja nje huku injini ikiunguruma ili ndani pawe na ubaridi atakapopanda. Ngara, kwenye vilima, ambako asubuhi tunavaa sweta!

Siku moja alituita akatutangazia kwamba moshi wa magari unapasha dunia joto. Kwa hiyo tupunguze safari. Wafanyakazi wenyeji tutembee au tupande baiskeli, na magari yabaki kwa shughuli muhimu. Wenzangu walinung'unika sana, na hao nao niliwadharau. Walikuwa wamekulia njia zilezile, lakini walishaonja kupungia watu mkono kutoka dirishani, na kushuka chini waliona ni msiba. Mimi nilianza kutembea kesho yake. Siku hiyohiyo gari lilikwenda Biharamulo na kurudi. Shughuli muhimu ilikuwa kreti za bia kwa ajili ya sherehe ya mkuu, na habari hiyo haikuchelewa kufika vijijini.

Baadaye akataka kuwafundisha na wanavijiji. Tukaenda Ntobeye, kwetu. Watu walikusanyika nje ya kanisa, wengi wametoka shambani, matope bado miguuni. Akasimama mbele ya gari, akaeleza juu ya moshi, joto na mvua zitakazopotea. Akawaomba wapunguze safari za magari, watembee zaidi.

Nilitafsiri. Nilisikia maneno yakitoka kinywani mwangu nikaona aibu, kama mtu anayemshauri mwenye njaa apunguze kula.

Shangazi yangu alisimama. Alimsalimia vizuri kwanza, kisha akaniambia kwa Kihangaza, "Mwulize, magari hayo tunayotakiwa kuyapunguza yako wapi? Mimi naliona hilo moja tu, na bado linaunguruma."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mkuu alicheka, akasema ni swali zuri sana, akawashukuru wote kwa kushiriki. Watu wakapiga makofi kwa sababu ya adabu, naye akaona ameeleweka.

Tuliporudi tulikuwa watatu garini: dereva, yeye, na mimi peke yangu kwenye viti vya nyuma. Kwenye mteremko tukawakuta wanaume wanne wamebeba machela. Juu yake alilala mama wa Kirundi aliyepewa shamba na watu wa kwetu, uchungu umemshika, amejifunika kitenge usoni. Dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa.

"Endelea," mkuu akasema. "Gari halibebi abiria."

"Tunapita hospitali hapohapo," nikamwambia. "Viti viko wazi. Moshi ni uleule, awemo asiwemo."

"Tukianza na mmoja, kila mtu ataomba. Hapo hatutapunguza safari hata moja."

Alisema kwa upole, kama mwalimu. Upole ule ndio ulionikera kuliko maneno yenyewe. Nikamgusa dereva begani. "Simamisha, nashuka."

Gari likaondoka na viti vyake. Nilichukua mzigo wa nguo za mtoto, nikatangulia nikiita watu mashambani waje kupokezana mabega. Walikuja wakikimbia, wengine hata majembe hawajayaweka chini. Mama yule hakupiga kelele. Aliniuliza mara moja tu, "Bado mbali?" Nikamwambia tumekaribia, ingawa haikuwa kweli. Tulifika hospitali jua likizama, na mtoto wa kike akazaliwa hata kabla wabebaji hawajamaliza kunywa maji waliyopewa uani.

Asubuhi mkuu aliniita. Akasema niliacha kazi kabla ya muda. Akaongeza kwamba wiki ile tunakwenda Nyabusozi kurudia somo.

"Nenda na gari," nikamjibu. "Litatafsiri lenyewe."

Sikurudi tena ofisini. Nilisikia alimpata mkalimani mwingine asiyejua lugha ya huko, na kwamba watu walipiga makofi vilevile. Mwisho wa mwaka akapanda ndege kwenda nchi nyingine kufundisha somo hilohilo.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba alichosema kilikuwa kweli. Mvua zimebadilika, migomba inakauka miezi ambayo zamani ilikuwa ya matope, na ninapowaambia watu habari ya moshi wa magari na pikipiki, wazee wa Ntobeye wananitazama kwa subira. "Ah," wananiambia, "yale maneno ya mzee wa bia." Kisha wanabadilisha mazungumzo.