Nukta Zilizokaa Darini

Juzi kaka yangu alinipigia simu kutoka kwetu Sosiot akisema wanabomoa jiko la Kogo, bibi yetu. Nilikwenda. Mimi sioni, wala sijawahi kuona, lakini pale mlangoni tu moshi wa miaka ile ulinipokea.

Unalijua jiko la kwetu, rafiki yangu: moto chini, na juu yake dari ya fito wanakokaushia mahindi. Utotoni, kila asubuhi nilifagia majivu, nikanywa chai ya maziwa, kisha mimi na kaka tukashika njia ya shule katikati ya majani chai yaliyotulowesha hadi magotini.

Darasani kipofu nilikuwa peke yangu. Mwalimu wa hesabu alinitobolea nukta za breli kwa mkono kwenye karatasi nene: jedwali la kuzidisha, pembetatu, mstari wa namba. Wenzangu walisoma ubaoni, mimi nilisoma kwa vidole, na nilipowashinda niliwaringia bila haya. Kisha mwalimu yule akahamishwa. Aliyekuja badala yake hakujua nukta hata moja. Mwalimu mkuu akamwambia Kogo mbele yangu, "Akianguka hesabu mwisho wa mwaka, mama, itabidi aende shule ya vipofu. Hapa tutakuwa tunamchezea tu." Shule hiyo ilikuwa mbali, ya kulala huko huko. Niliogopa sana. Karatasi zile ndizo zilizokuwa zimebaki kunishikilia nyumbani.

Mvua haikukatika muhula ule. Unyevu ukaingia kwenye karatasi, nukta zikaanza kulegea. Kogo akazichukua, akazipandisha darini. "Mtoto yangu, huko juu hakuna kitu inaharibika," alisema. Ndivyo alivyotunza mbegu zake, na hazikuwahi kumwangusha.

Wiki ile jirani alikuja kutusaidia kuvuna. Nilikuwa nimekaa motoni nikila ugali wa wimbi, nikasikia mahindi yakimwagwa juu ya kichwa changu, gunia baada ya gunia, fito zikilia. Watu walicheka kwa sababu mavuno yalikuwa mazuri. Mimi nikaweka tonge chini, na sikujua kwa nini.

Asubuhi ya mtihani karatasi ziliteremshwa. Zilikuwa kavu kabisa. Nikapitisha vidole, nikatafuta pembetatu, haikuwepo. Namba zote zilikuwa zimelala chini ya uzito wa mahindi.

"Si ziko sawa?" Kogo aliuliza. Nilichukua kidole chake, nikakipitisha palipokuwa na pembetatu.

Nilianguka hesabu, na mwaka ulipoanza nilipelekwa shule ya vipofu, karatasi zikabaki. Kogo alifariki nikiwa huko, na habari ilinifikia mazishi yakiwa yamepita.

Siku hizi kuna mashine za kuchapa nukta, na kaka anapikia gesi. Siku ile ya kubomoa, fito za dari zilipoanza kung'olewa, aliniwekea mkononi mzigo wa karatasi zinazonuka moshi. Nilipozigusa nilishtuka. Nukta zilikuwa zimesimama tena.

"Ni Kogo," alisema yule jirani, sasa mzee. "Ulipoondoka, alikuwa anazitoboa kila jioni na sindano ya magunia. Alisema akimaliza, utarudi."

Kogo hakujua kusoma maandishi yoyote. Nilikaa kwenye nyasi nikazipitia zote, karatasi kwa karatasi: mistari iliyonyooka, nukta zimebanana kama mshono wa gunia, bila namba hata moja. Nyuma yangu jiko lilianguka. Sikunyanyuka, nilikuwa bado nasoma.