Siku Nilipokubali Mimba ya Kiden

Aibu hii nimekaa nayo mwaka mzima na zaidi, na ningeendelea kukaa nayo kimya kama si kwamba kila nikifika soko la Koboko kuna mtu wa kuniita "Bwana Nakubali", na ninyi huku Arua mnaisikia vipande vipande kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo (wengine wanasema nilipigwa na samaki, jambo ambalo si kweli, niliguswa tu), kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe, mcheke mara moja, tumalize.

Mnanijua, mimi ndiye Candia wa Onduparaka, mtu asiyekaa. Nimekuwa utingo wa malori ya Juba, nimeuza vipuri Ariwara, nimeishi Bunia kule Kongo mpaka nikaota lafudhi, na hata leo nikisikia lori linabadilisha gia kilimani moyo wangu unataka kulidandia. Lakini mke ninaye mmoja tu, Keji, mtu wa Lurujo kule Koboko. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji tukiwa Bunia, hospitali ikatushikilia wiki tatu mpaka nikauza pikipiki. Mimba iliyofuata, mimi nilipoambiwa tu niliingia baa moja Ariwara nikawatangazia watu wote, nikawapigia shemeji zangu mmoja mmoja, nikachagua na jina. Mwezi wa nne ikatoka. Keji hakunilaumu hata kwa neno, ila kwao walisema tumbo halitajwi mpaka lijionyeshe lenyewe, na tangu siku hiyo nilikuwa nikiona anavyonitazama kila nikishika simu.

Basi mwaka jana, Keji akiwa na miaka thelathini na minane, aliniita jikoni akafunga mlango.

"Candia, iko mimba," alisema. "Weka mkono hapa uape. Safari hii hakuna mutu atasikia kwa kinywa yako. Hata mama yako. Hata kaka yangu Taban."

Nikaweka mkono, nikaapa. Nikamwambia na mimi nitatafuta bima ya afya inayolipia uzazi, maana huu ungekuwa upasuaji tena na pikipiki ya kuuza sina. Akasema, "Tafuta. Lakini polepole."

Kutafuta bima ya uzazi polepole, ndugu zangu, jaribuni muone. Ofisi ya kwanza hapa Arua nilisema naulizia kwa niaba ya rafiki yangu. Kijana mwenye tai akanieleza vizuri sana kwamba uzazi wanalipia baada ya mtu kuwa mwanachama miezi kumi. Nikahesabu vidole, nikamuuliza, "Sasa mtoto angojee?" Akasema rafiki yangu angepaswa kupanga mapema. Ofisi ya pili walikuwa na bima nzuri kabisa, lakini ya wafanyakazi wa kampuni. Nikasema ninayo kampuni. "Wafanyakazi wangapi?" Nikasema mimi. Akafunga kitabu chake. Ya tatu ilikuwa inalipia kila kitu, malaria, meno, hata miwani, nikawa natabasamu peke yangu mpaka nikafungua ukurasa wa nyuma nikakuta "isipokuwa uzazi".

Ndipo dereva mmoja wa lori, rafiki wa zamani, akaniambia kuna hospitali upande wa Koboko imeanzisha mpango wake. Wanampokea hata mama ambaye tayari ni mjamzito, mradi hajapita wiki kumi na mbili, na upasuaji umo. Masharti ni kwamba mtu haingii peke yake, anaingia kupitia kikundi, na mwisho wa kuandikisha ni siku ya soko ya wiki ile. Keji alikuwa wiki ya kumi na moja.

Nikadandia lori. Sasa, kosa langu la kwanza, lile dogo lililozaa mengine yote, lilikuwa kujiambia kwamba Koboko ni mbali na Onduparaka, kule hakuna anayenijua, nitauliza kwa uhuru. Mimi, niliyesoma sekondari Koboko miaka minne na kuoa hukohuko. Lakini mtu akiwa juu ya lori upepo unampiga usoni hafikirii wakwe, anafikiria ujana, na mimi njia nzima nilikuwa nakumbuka siku za shule, na hasa msichana mmoja aliyeitwa Kiden Rose, niliyemwandikia barua tatu na asijibu hata moja.

Hema la bima lilikuwa kando ya soko, na spika mbili kubwa juu ya viti. Binti wa bima, mwenye kofia ya buluu, alikuwa mpole. Nikamweleza habari za rafiki yangu, akasema sawa, rafiki yako anaweza kuingia, upasuaji tunalipia, ila lazima nijaze fomu ndiyo nikupe majibu kamili.

"Jina la baba?"

Nikasema Candia, kwa mazoea, na rafiki yangu akafa palepale.

"Jina la mama?"

Nyuma yangu walipanga foleni akina mama kama saba, shingo zote zimenyooka. Nikisema Keji wa Lurujo, kabla jua halijafika utosini Lurujo nzima itakuwa inajua. Nikajiambia nitaje jina lolote, nipate majibu, nitarekebisha baadaye nikiwa na binti peke yangu. Na jina lolote lililokuja, baada ya njia nzima ile ya kukumbuka, mnalijua.

"Kiden Rose," nikasema.

Akaandika. Akaniambia nisubiri, wataita watu wa kupiga picha. Nikaenda zangu kunywa chai na chapati, nimeridhika, najiona mtu mwenye akili.

Kikombe kilikuwa nusu spika ziliposema, kwa sauti iliyofika mpaka stendi: "Mama mjamzito Kiden Rose, wa Bwana Candia, aje mbele apigwe picha. Wajawazito hawapangi foleni."

Soko la Koboko lina kelele, lakini siku ile nilisikia chapati ikikauka mdomoni mwangu. Binti akarudia. Kule upande wa samaki wakavu kicheko kikaanza, kikawa kinakuja, na mbele ya kicheko hicho alikuwa mwanamke mnene mwenye kitenge cha njano na samaki mkononi, umri wangu kabisa, mjane, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wauza samaki. Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini ule mwendo niliujua.

"Wapi Candia?" aliuliza. "Nataka kuona hii baba ya mtoto yangu."

Ningekimbia. Niliwahi kukimbia Juba kwa sababu ndogo kuliko ile. Lakini mwenye chai alikuwa ameshanishika shati.

Kiden alinitazama juu mpaka chini. "Candia wa barua," alisema. "Zile tatu. Mimi sikujibu hata moja, sasa umeona unipe mimba kabisa."

Watu wakaangua kicheko, naye akanigusa begani na samaki (huyo ndiye samaki mwenyewe). Mngeona ni utani, na mimi nilitaka kuona hivyo. Lakini mnajua kwetu mambo haya yakishatamkwa hadharani hayaachwi hewani. Akina mama walipindua beseni, wakanikalisha juu yake katikati ya watu, wakasimama nyuma ya Kiden kama ukoo wa msichana unavyosimama, nusu wanacheka, nusu hawacheki, na mmoja wao akaniuliza lile swali analoulizwa mwanamume mbele ya mashahidi: "Unakubali ama unakataa?"

Nikafungua mdomo niseme nakataa. Na hapo, nyuma ya bega la yule mama, nikamwona mtu wa Lurujo mwenye gunia la mihogo kichwani, na huyo mtu wa Lurujo alikuwa Taban, kaka mkubwa wa mke wangu. (Wakulima wa Lurujo huuza mihogo Koboko siku ya soko. Nimejua hilo tangu nina miaka kumi na minne. Sijui siku ile nililiweka wapi.)

Taban alitua gunia chini taratibu, akalisimamisha vizuri. "Shemeji," alisema. "Hapo umekaa juu ya nini?"

"Beseni, shemeji."

"Na hiyo mimba kwa fomu, ni ya nani?"

Ndugu zangu, nilikuwa na majibu mawili tu. Nikisema si ya Kiden, lazima niseme ni ya nani, maana mwanamume haendi kuandikisha mimba ambayo haipo. Nikisema ya nani, nimevunja kiapo mbele ya soko zima, mbele ya mtu yuleyule niliyekatazwa kumwambia, na kama lolote lingetokea mwezi wa nne, Keji angenitazama vile tena, safari hii mpaka kaburini.

"Unakubali ama unakataa?" waliuliza mara ya pili. Halafu ya tatu.

"Nakubali," nikasema.

Kiden akaacha kucheka. "Unakubali nini, wewe? Mimi niko na wajukuu wawili."

"Nakubali," nikarudia, maana nilikuwa nimeshaanza.

Taban hakunipiga. Alitoa simu, akampigia dada yake, akaiweka sauti ya nje, na yule binti wa bima, Mungu amsaidie, alikuwa amesimama karibu nasi, mkono mmoja fomu, mkono mwingine maikrofoni ikiwa bado inawaka. Kwa hiyo mazungumzo yaliyofuata Koboko nzima iliyasikia kama tangazo.

"Dada," alisema Taban, "jikaze. Mume wako iko hapa soko. Amekubali mimba ya mwanamke mwingine mbele ya watu."

Nikasikia kuku wetu wa Onduparaka ndani ya simu.

"Amekubali ya mwanamke mwingine?" aliuliza Keji.

"Mara mbili."

"Na ile yangu, hakusema?"

"Yako gani?" aliuliza Taban.

Na spika zote mbili zikasema: yako gani.

Kiden ndiye aliyeelewa kwanza. Alinitazama pale kwenye beseni, akatazama fomu, akatazama simu, halafu akapiga kigelegele kimoja kirefu na wenzake wote wakadakia, na Taban, mtu ambaye sijawahi kumwona akikaa mbele za watu, aliketi juu ya gunia lake la mihogo akafunika uso kwa mikono. Katika simu Keji alikuwa anasema, "Nani huyo anapiga kelele? Taban? Iko nani hapo?" kisha, polepole, "Candia, mimi ndiyo nimesema?"

"Wewe ndiyo," nikamjibu. "Mimi sikusema kitu."

Binti alichukua kalamu akafuta jina. Akauliza kikundi, nami sina kikundi, maana mtu asiyekaa hana wa kukaa nao. Kiden akasema, "Andika sisi. Samaki wakavu. Mutu ambaye anakubali mimba ya bibi mzee ili afiche ya bibi yake, tutamwacha wapi?" Keji akaletwa Koboko mchana uleule kwa pikipiki ya jirani, ikienda kwa mwendo wa maiti, akapigwa picha zikiwa zimebaki dakika chache hema lifungwe. Katika ile picha bado ana hasira nusu.

Mwezi wa nne ukapita. Sikulala, lakini ukapita. Mtoto alikuja kwa upasuaji kama tulivyojua, kadi ikatolewa, ikapigwa muhuri, tukaondoka hospitali siku ya tano kama watu.

Tangu hapo mimi ni mwanamume pekee katika kikundi cha akina mama wauza samaki wakavu wa Koboko. Mwanachama lazima ahudhurie kikao kila mwezi, la sivyo kadi inalala, kwa hiyo mtu asiyekaa sasa anakaa, kwenye benchi, kati ya mabeseni, na mwaka huu wamenishonea shati la kitenge cha sare. Nimeapa mambo mawili: fomu yoyote nitaijaza ukweli tangu mstari wa kwanza, na nikiwa juu ya lori sitakumbuka ujana.

Na jina la binti yetu, msiniulize nani alichagua. Mimi nilinyamaza. Keji ndiye aliyemwambia nesi aandike Kiden, halafu akanigeukia akasema, "Siku utalitaja tena mbele ya watu, angalau uwe na sababu."